Mume wako ana pasipoti gani? Kuchagua visa ya kukaa ukiwa umeolewa na mgeni

Swali:

«Mtaalamu, jambo yako. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi komini ya Kampemba hapa Lubumbashi, nina miaka 34. Miezi kumi na minne iliyopita niliolewa na mwanaume wa Liège, Ubelgiji. Alikuja, akatoa mahari kwa wazee wangu, tukaandikisha ndoa komini. Yeye amezaliwa Ubelgiji, baba yake ni Mwitaliano. Nina mtoto wa kiume wa miaka 9 niliyemzaa kabla ya ndoa hii. Baba yake yuko Kolwezi. Sasa dada yangu ananiambia niombe visa ya kutembea ya siku 90, nikifika nitabadilisha huko huko. Komisionere mmoja (wakala wa makaratasi ya visa) ananisukuma nichukue visa ya masomo, eti hiyo haikataliwi. Mume wangu anataka tuombe visa ya kuungana na familia, lakini mimi naogopa muda wake. Tena yeye mwenyewe anasema baada ya miaka fulani atapenda turudi kuishi Lubumbashi. Nichague ipi?»

Jibu:

Mama Mwalimu, asante kwa barua yako. Umeiandika kwa utaratibu, lakini kuna maneno machache uliyoyapita haraka ambayo kwangu ndiyo mzizi wa jibu lote: «amezaliwa Ubelgiji, baba yake ni Mwitaliano». Kabla hatujagusa visa yoyote, mpigie mume wako simu umuulize ana pasipoti ya nchi gani. Usimuulize alizaliwa wapi wala anaongea lugha gani. Muulize pasipoti.

Liège ni mji wa makaa na chuma. Mwaka 1946 Ubelgiji ilipatana na Italia iletewe wanaume wa kushuka mashimoni, na maelfu kwa maelfu walikwenda. Katika ajali ya shimo la makaa la Marcinelle, huko huko Ubelgiji, tarehe 8 Agosti 1956, walikufa watu 262, na 136 kati yao walikuwa Waitaliano. Sisi watu wa Lubumbashi hatuhitaji kuelezwa sana habari hiyo, kwa sababu wazee wetu wengi waliletwa hapa kwa njia ya namna hiyo, kutoka Kasai, Rwanda na Rhodesia ya Kaskazini, kwa ajili ya shaba. Watoto na wajukuu wa Waitaliano hao wamezaliwa Ubelgiji, wamesoma huko, wanaongea Kifaransa cha huko, na jirani zao wanawaita Wabelgiji. Wengine walichukua uraia wa Ubelgiji. Wengine wamebaki na pasipoti ya Italia mpaka leo, na wengine wanazo zote mbili. Kwa macho ya jirani hakuna tofauti. Kwa macho ya ofisi ya wageni ya Ubelgiji tofauti ni kubwa, na njia yako inafuata hiyo pasipoti.

Tuanze na pasipoti ya Italia peke yake. Hapo mume wako, akiwa Liège, ni raia wa nchi nyingine ya Umoja wa Ulaya anayeishi Ubelgiji, na wewe mke wake unalindwa na agizo la Ulaya la 2004/38, ambalo Ubelgiji imeliingiza katika kifungu cha 40bis cha sheria yake ya wageni ya tarehe 15 Desemba 1980. Faida yake kwako ni hii: visa unapewa bila kulipia, ombi lako linatakiwa lishughulikiwe kwa haraka, na afisa hana ruhusa ya kukukatalia eti kwa sababu anadhani utabaki. Kubaki na mume wako ndiyo haki yenyewe unayoiomba. Mume akiwa na kazi, anaonyesha kazi yake. Kinachobaki ni kuthibitisha kwamba wewe ndiwe mke wake na kwamba ndoa ni ya kweli.

Akiwa na pasipoti ya Ubelgiji, unaingia katika kifungu cha 40ter, na hapo mambo yanakaza. Watu wengi wanashangaa kusikia kwamba Mbelgiji akiwa nyumbani kwake ana masharti magumu kumpita jirani yake Mwitaliano. Ndivyo ilivyo. Agizo la Ulaya linamlinda raia aliyehama kwenda nchi nyingine ya Umoja, halimlindi yule aliyebaki kwao. Mbelgiji lazima aonyeshe mapato ya kudumu na ya kutosha. Kipimo kilipandishwa Agosti 2025: sasa ni asilimia 110 ya mshahara wa chini uliohakikishwa na sheria, na kinaongezeka kwa kila mtu wa ziada wa familia, kwa hiyo na mtoto wako atahesabiwa. Pesa za msaada wa jamii hazihesabiwi kabisa. Lazima pia awe na nyumba inayowatosha, yenye mkataba wa kupanga uliosajiliwa kama si yake, na bima ya afya itakayowafunika ninyi wote. Mwambie aangalie kiwango cha mwezi ule mtakaopeleka faili, maana hesabu hiyo inasogea kila mshahara wa chini unaposogea.

Na akiwa nazo zote mbili? Hapa mawakili wengi wa mitaani wanadanganya watu. Wanasema: «Tumieni ile ya Italia, ndiyo nyepesi.» Mahakama ya Umoja wa Ulaya ilikwisha kujibu mwaka 2011 katika kesi ya McCarthy: mtu mwenye uraia wa nchi mbili za Ulaya, ambaye maisha yake yote ameishi katika mojawapo bila kuhama, hawezi kujifunika kwa agizo hilo kwa sababu tu ana pasipoti ya pili. Kwa hiyo kama mume wako alizaliwa Liège, akakulia Liège, na ana uraia wa Ubelgiji, atahesabiwa Mbelgiji. Kama aliwahi kuishi na kufanya kazi nchi nyingine ya Ulaya, mweleze avoka (wakili) wa huko, kwa sababu hadithi inaweza kubadilika.

Sasa dada yako. Sitaki kumvunjia heshima, kwa sababu anachosema kina chembe ya ukweli. Sheria ya Ubelgiji inamruhusu mke wa Mbelgiji, au wa raia wa Ulaya, aliyekwisha kuingia nchini aombe haki ya kukaa kwenye komini ya mume. Wapo waliofanya hivyo na wakafaulu. Shida iko kabla ya kupanda ndege. Visa ya kutembea ni ya siku 90 ndani ya kila siku 180, na kazi ya afisa anayeisoma ni kujiuliza: huyu atarudi? Wewe ni mke wa mtu wa Liège, na kila kitu katika faili yako kinasema hutarudi. Ukisema ukweli kwamba unakwenda kuishi na mume, umeomba visa isiyo yako. Ukisema unakwenda kutembea wiki tatu, umeanza maisha yako mapya kwa neno ambalo baadaye utaulizwa. Na ukikataliwa, jibu hilo halifi. Linabaki miaka 5 katika mtambo wa pamoja wa visa wa nchi za Schengen, zile za Ulaya zinazotumia visa moja, na kila ubalozi utakaogonga mlango utalisoma.

Lakini, na hapa narudi kwenye pasipoti, kama mume ni Mwitaliano tu, ushauri wa dada unageuka kuwa mzuri kwa sababu ambayo yeye mwenyewe hakuijua. Ipo visa fupi ya mwanafamilia wa raia wa Ulaya. Ni ya bure, haikuulizi kama utarudi, na ukifika Liège unakwenda komini na mume kuomba kadi ya kukaa. Tofauti na ile ya watalii ni kwamba unaiomba ukiwa umetangaza wazi: mimi ni mke, nakwenda kuungana na mume wangu, hiki hapa cheti cha ndoa. Ndiyo maana nasema usichague jina la visa kabla ya kujua pasipoti.

Kuhusu komisionere na visa yake ya masomo nitakuwa mfupi. Visa ya masomo inakataliwa kama nyingine zote. Inadai shule iliyokukubali, pesa za kuishi zilizothibitishwa, na maelezo ya kwa nini mwalimu wa miaka 34 anaanza masomo hayo huko. Fomu itakuuliza hali yako ya ndoa. Ukiandika «ameolewa, mume yuko Liège», afisa atauliza kwa nini hukuomba kama mke. Ukificha, umeandika uongo kwenye karatasi ya serikali, na siku utakapoomba kama mke, faili mbili zitakaa mezani zikipingana. Hata ukipita, kibali cha mwanafunzi kinapimwa upya kila mwaka kwa mitihani, na kazi anayoruhusiwa ni saa 20 kwa juma wakati wa masomo. Kumbe ukiingia kama mke, utaruhusiwa kufanya kazi bila kikomo cha saa, na kama moyo wako unapenda kusoma, utasoma kwa kadi hiyo hiyo. Sioni mwanamke aliyeolewa kihalali anatafuta nini kwenye mlango huo, isipokuwa komisionere ndiye anayelipwa mlangoni.

Kwa hiyo chaguo langu kwako ni kuingia kama mke, kwa njia ya kuungana na familia: visa ya muda mrefu kama mume ni Mbelgiji, kama ni Mwitaliano, ama hiyo hiyo ama ile fupi ya mwanafamilia. Kwa Mbelgiji jibu linaweza kuchukua miezi kadhaa. Najua ni mingi kwa watu wawili walioagana uwanja wa ndege. Usiache kazi ya shule kabla ya kuiona visa kwenye pasipoti, na usinunue tiketi.

Lakini mara nyingi si visa yenyewe inayokataliwa. Kinachokataliwa ni makaratasi yaliyo chini yake, na hapa nataka tukae kidogo.

Nilishika faili ya mama mmoja wa Katuba. Ndoa ya kweli, mume anayempenda, mahari iliyotolewa mbele ya watu wengi. Cheti cha ndoa kilikuwa na mihuri yote. Karani aliyekiandika kwa mkono alikuwa na mwandiko wa shule za zamani, na namba 1 yake ilikuwa na mkia mrefu mbele. Pasipoti ilisema mama amezaliwa tarehe 11. Cheti kilisomeka 17. Miezi mitano baadaye faili ilirudi na sentensi moja: utambulisho wa mwombaji haujathibitishwa. Tulikwenda mahakamani kurekebisha cheti, tukarudia kuhalalisha upya, na mwaka mzima ukapotea kwa sababu ya mkia wa namba. Tangu siku hiyo, kila anayekuja kwangu namwambia akae mezani wakati wa mchana, aweke pasipoti, cheti cha kuzaliwa na cheti cha ndoa sambamba, na asome herufi moja moja kwa sauti. Fanya hivyo leo, pamoja na mtu mwingine, maana macho yako mwenyewe yanajua jibu na yatakudanganya.

Uangalie hasa majina. Sisi tuna jina, post-nom (jina la pili la asili) na jina la ubatizo. Fomu za Ulaya zina visanduku viwili tu. Post-nom yako itaangukia upande mmoja kwenye fomu hii na upande mwingine kwenye fomu ile, na kwa kompyuta hao ni wanawake wawili. Fuata mpangilio wa pasipoti kila mahali, bila kubadilisha hata mara moja, na mume naye aandike hivyo hivyo kwa upande wake.

Cheti chenyewe kiwe nakala kamili ya acte (hati) ya ndoa iliyotolewa na etasivili, ofisi inayoandikisha vizazi na ndoa, ya komini mliyoandikishia. Karatasi fupi ya kuthibitisha tu kwamba mmeoana haitoshi, na picha za kanisani hazina nguvu mbele ya sheria. Unasema mahari ilitolewa kwa wazee kisha mkaandikisha, vizuri. Sheria yetu ya familia, ya tarehe 1 Agosti 1987 na iliyorekebishwa mwaka 2016, inahesabu mahari kuwa sharti la ndoa, na ndoa iliyofungwa nyumbani inatakiwa ipelekwe kwa ofisa wa etasivili ndani ya mwezi mmoja. Angalia basi tarehe kwenye acte: je, ni ya siku ya mahari au ya siku ya komini? Mtakapohojiwa, mume Liège na wewe huku, kila mmoja peke yake, mtaulizwa mlioana lini. Akitaja ya mahari nawe ukataja ya komini, mmesema kweli wote wawili na mmeonekana waongo wote wawili. Zungumzeni juu ya hilo mapema.

Kama kuzaliwa kwako hakukuandikishwa kwa wakati, na wengi wa umri wako hapa Katanga ndivyo ilivyo, utahitaji hukumu ya tribunal de paix (mahakama ya amani) inayoshika nafasi ya cheti cha kuzaliwa, ile tunayoita «jugement supplétif», kisha etasivili inaandika acte kutokana na hukumu hiyo. Peleka vyote viwili pamoja, hukumu na acte. Halafu kila karatasi ya Kongo inapita kwanza wizara ya mambo ya nje, na baada ya hapo inahalalishwa na Wabelgiji. Ubalozi wao uko Kinshasa, na hapa Lubumbashi wana konsula kuu. Kabla ya kukata tiketi ya Kinshasa, uliza hapa kwanza ni hatua ipi inaweza kumalizwa mjini kwetu na ipi inakudai usafiri, maana ndege hiyo ni mshahara wa mwalimu wa miezi kadhaa.

Kuhusu ukweli wa ndoa: Ubelgiji inachunguza sana ndoa zinazofungwa kwa ajili ya makaratasi tu. Usichukie maswali. Kusanya vitu vinavyoonyesha maisha yenu jinsi yalivyo: tiketi za safari zake za kuja, risiti za pesa alizokutumia, karatasi ya mahari ambayo wazee waliandika na kutia sahihi, picha ambazo ndani yake wanaonekana baba zako wadogo na shangazi zako, ninyi wawili mkiwa katikati yao. Mazungumzo ya simu chagua machache ya miezi tofauti. Mazungumzo ya kawaida kabisa, kama vile «bukari imeungua, nilikuwa nasahihisha daftari», yana uzito kuliko maneno matamu mia. Kama mume aliwahi kuoa mbele, hukumu yake ya talaka iingie kwenye faili.

Mtoto wako nisingependa umwache nyuma ya mlango. Wazazi wengi wanaamua: niende kwanza mimi, nikitulia nimtaje. Halafu wanapomtaja, ofisi inauliza kwa nini faili ya kwanza haikuwa na mtoto. Mtaje sasa, hata kama atafuata baadaye. Mtoto wa mke naye ana haki ya kuungana na familia hiyo, lakini baba aliye Kolwezi bado ni baba. Utahitaji kibali chake kilichoandikwa mbele ya notaire (mthibitishaji wa hati) na kuhalalishwa kama karatasi nyingine, au hukumu ya tribunal pour enfants (mahakama ya watoto) inayokupa wewe malezi. Nenda kwake mapema, kwa adabu, ikiwezekana pamoja na mjomba wa mtoto. Nimeona mababa wanaokataa kutia sahihi si kwa sababu hawataki mtoto aende, ila kwa sababu walisikia habari kwa watu wengine.

Ukifika Liège, nenda komini ndani ya siku 8 za kazi kujiandikisha. Polisi wa mtaa atakuja nyumbani kuangalia kama kweli mnaishi pamoja. Jina lako liwe limeandikwa kwenye kengele na kwenye sanduku la barua. Kisha utapata kadi F, ya miaka 5. Katika miaka hiyo mitano haki yako ya kukaa imefungwa kwenye maisha ya pamoja na mume. Mkiachana mapema, inaweza kuondolewa.

Hili nakuambia kama ningemwambia mdogo wangu wa tumbo moja. Ikitokea mume anakupiga au anakutesa, usivumilie kwa kuogopa kadi. Sheria hiyo hiyo ina kinga: mwanamke aliyefanyiwa jeuri nyumbani anaweza kubaki, na vilevile ndoa iliyodumu miaka 3, mmoja wake ukiwa Ubelgiji, inaweza kulinda haki yako baada ya talaka. Nenda kwa daktari, nenda polisi, pata karatasi, tafuta avoka. Wanawake wetu wengi wamekaa kimya kwa sababu mume aliwaambia «nikisema neno moja utarudishwa». Neno lake peke yake halina nguvu hiyo.

Sasa ile ndoto ya kurudi Lubumbashi. Nimeiweka mwisho, lakini ingefaa muizungumze kabla ya kujaza fomu ya kwanza, maana visa ya kukaa ni jibu la swali «tutaishi wapi?». Baada ya miaka 5 ya kukaa Ubelgiji mfululizo unaweza kupata haki ya kudumu. Katika miaka hiyo unaweza kuja nyumbani, jumla isizidi miezi 6 kwa mwaka, bila kuvunja hesabu. Ukishaipata ya kudumu, inapotea ukikaa nje zaidi ya miaka 2 mfululizo. Kwa hiyo kurudi mwaka wa tatu au wa nne ni kuacha kila kitu mlichojenga huko, kana kwamba hukwenda. Kama mume ana hakika anataka kuja baada ya miaka miwili, bora afanye hesabu ya kuja moja kwa moja. Upande wetu atakwenda DGM, ofisi ya uhamiaji ya Kongo, kuomba visa ya kukaa, ile ya établissement, na kama atafanya kazi ya mshahara atahitaji pia kadi ya kazi ya mgeni. Kukuoa wewe hakumpi uraia. Sheria yetu ya uraia ya tarehe 12 Novemba 2004 inataka kwanza miaka 7 ya ndoa, na bado uamuzi uko kwa serikali.

Sheria hiyo hiyo inakugusa wewe, na hili watu hawalifikirii mpaka limewafika. Uraia wa Kongo ni mmoja, hauchanganyiki na mwingine. Mke wa Mbelgiji, baada ya miaka 5 ya kukaa kihalali, 3 kati yake akiishi na mume, anaweza kutangaza kuchukua uraia wa Ubelgiji akithibitisha lugha na kuzoea maisha ya huko. Kama mume ni Mwitaliano, upo pia mlango wa Italia: miaka 3 ya ndoa kwa wanaoishi nje ya Italia, nusu yake mkizaa mtoto, na mtihani wa Kiitaliano wa daraja B1. Siku utakapochukua mmoja wa hizo, kwa sheria umeacha wa Kongo. Na kama una lupango (kiwanja), iwe ya kwako au uliyorithi kwa mama yako, jua kwamba sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inatoa haki ya milele juu ya ardhi kwa Wakongo tu. Mgeni anapata ya muda, kama ile ya miaka 25 inayoweza kurudishwa upya. Kadi ya kukaa haikugusi hapo. Unaweza kuishi Liège miaka ishirini kwa kadi, ukabaki Mkongo, na lupango yako ikabaki yako. Usichukue uraia kwa sababu tu wenzako wamechukua. Watoto mtakaozaa, wao watakuwa Wakongo tangu kuzaliwa kwa sababu mama yao ni Mkongo.

Basi usimlipe komisionere chochote, na mwambie dada yako asubiri kidogo. Mume akikujibu, niandikie tena: pasipoti ipi, aliishi wapi tangu utoto, anafanya kazi ya mkataba gani. Weka pia tarehe iliyoandikwa kwenye acte yenu ya ndoa, na jinsi majina yako matatu yalivyopangwa kwenye pasipoti.